Mombasa Bila Kiingilio: Somo la Kulitembea Jiji kwa Nauli Tu

Shule zinapofungwa, swali huwa lile lile katika nyumba nyingi za Jomvu, Changamwe, Kisauni na Likoni: watoto waende wapi? Mzazi akipiga hesabu ya kiingilio, soda na chipsi kwa watoto watatu, hesabu inagoma, na siku inaishia mbele ya runinga. Wakati huo huo mgeni aliyepanda ndege kutoka Ulaya amelipa fedha nyingi ili aje atembee Ndia Kuu na kukanyaga mchanga wa Bamburi, mahali ambapo mkazi wa kaunti hii hufika bila kulipa hata shilingi moja mlangoni.

Si kwamba jiji halina vitu vya bure. Kitu chenye kiingilio hutangazwa kwa sababu yuko anayefaidika kwa kukitangaza. Cha bure hakina bango wala tangazo la redio, na ndiyo maana mtu anaweza kuishi Mombasa miaka ishirini na asikijue. Makala haya yanaeleza jinsi ya kukitafuta, na kwa upande wa bahari, jinsi ya kukifaidi bila kuhatarisha maisha.

Anza na majina

Makanga wa matatu ndiye mwongoza watalii wa kwanza katika kaunti hii, ingawa hakuna anayemlipa kwa kazi hiyo. Majina anayoyaita kutwa nzima yana historia, na kuifuata historia hiyo hakuhitaji tikiti.

Chukua Kengeleni. Maelfu hushuka pale kila siku wakielekea soko la Kongowea au Nyali, na wachache huinua macho kuitazama kengele yenyewe. Ipo, karibu na makutano ya barabara, imetundikwa katika mnara mdogo. Ni alama ya Freretown, makazi yaliyoanzishwa na wamisionari wa Church Missionary Society katika miaka ya 1870 kwa ajili ya watu waliookolewa kutoka majahazi ya watumwa. Jina linatokana na Sir Bartle Frere, Mwingereza aliyetumwa Zanzibar mwaka wa 1873 kumshinikiza Sultani Barghash apige marufuku biashara hiyo. Mtoto aliyesoma habari za utumwa darasani akisimama chini ya kengele ile kwa dakika tano, atatambua kwamba somo lile lilitokea kwao, kando ya stegi anayoijua.

Port Reitz nako kuna kisa. Mwaka wa 1824 meli ya Kiingereza HMS Leven, chini ya Kapteni William Owen, iliingia Mombasa, na watawala Wamazrui waliokuwa wakimhofu Seyyid Said wa Oman wakaomba ulinzi wa Waingereza. Owen alimwacha hapa ofisa kijana, Luteni John James Reitz, awe mwakilishi. Reitz alifariki kwa homa mwaka huo huo, na ulinzi wenyewe ukaondolewa 1826, lakini jina lake bado linaitwa kila asubuhi na makanga wa Changamwe. Jina la meli nalo limebaki Mji wa Kale, katika jengo la Leven House lililo karibu na maji.

Kilindini ni penye kilindi, yaani maji ya kina kirefu, na ndiyo sababu bandari kubwa ikajengwa upande ule badala ya kubaki Bandari ya Kale ambako majahazi yalizoea kutia nanga. Marikiti ni neno la Kiingereza la soko lililotiwa irabu za Kiswahili likakaa vizuri mdomoni. Jina rasmi la jengo, Mackinnon, karibu halitumiwi na mtu. Na Ndia Kuu si kosa la uchapishaji. Kimvita husema "ndia" pale Kiswahili sanifu kinaposema "njia".

Mji wa Kale kwa miguu

Matembezi ya Mji wa Kale huchukua saa moja na nusu kwa mwendo wa mtoto. Asubuhi kabla jua halijapanda ni bora, au baada ya alasiri, wakati wazee wametoka kukaa barazani na muuza kahawa anapita akigonganisha vikombe.

Mahali pa kuanzia ni Ngome ya Yesu. Ndani kuna kiingilio, na raia hulipa kiasi kidogo kuliko mgeni wa nje. Familia ikiweza kuweka akiba kwa siku moja ya kuingia, ifanye hivyo. Lakini nje ya kuta hakuna anayedai kitu, na mengi yanaonekana pale pale. Wareno waliijenga kati ya 1593 na 1596 kwa ramani ya Mwitaliano Giovanni Battista Cairati, na UNESCO iliiweka katika orodha ya urithi wa dunia mwaka wa 2011. Mwambie mtoto aiguse kuta. Jiwe ni tumbawe, lile lile lililo chini ya bahari, na ukilitazama kwa makini utaona alama za viumbe walioishi humo. Kisha mweleze kwamba kuanzia Machi 1696 hadi Desemba 1698 watu walizingirwa ndani ya kuta hizo na majeshi ya Oman, karibu miaka mitatu, wakifa kwa njaa na maradhi zaidi ya risasi. Waingereza baadaye waliigeuza kuwa gereza, na gereza likabaki hadi 1958. Wapo wazee hapa mjini wanaoukumbuka wakati huo. Kumuuliza mmoja wao ni bure pia.

Kutoka ngomeni, fuata Ndia Kuu. Tembea polepole, ukitazama juu zaidi kuliko chini: roshani za mbao, madirisha yenye viambaza vya kimiani, na milango ya kuchonga ambayo kila mmoja ulimweleza mpita njia habari za mwenye nyumba kabla hajabisha hodi. Mbele kidogo ni Msikiti wa Mandhry, ambao husemwa ulijengwa 1570 hivi, wenye mnara mnene unaochongoka kwenda juu. Asiye Mwislamu hataingia bila idhini, lakini kuutazama kutoka njiani hakumkwazi mtu. Ukiendelea utafika uwanja wa Bandari ya Kale, ambako leo zamani na sasa zinasukumana: harufu ya samaki, mikokoteni, na madau majini. Huu ndio mji alioutungia mashairi Muyaka bin Haji, aliyefariki 1840, na siasa alizozitaja zilifanyika katika vichochoro hivi.

Kuna adabu zake. Mji wa Kale si makumbusho, ni mtaa wa watu. Toa salamu kwanza. Omba ruhusa kabla ya kumpiga mtu picha, hasa akina mama, na usiielekeze simu ndani ya mlango ulio wazi. Vaa nguo za heshima. Ijumaa adhuhuri usipange matembezi hapa kwa sababu njia hujaa waumini. Na ikiwa kijana atajitokeza kukuongoza bila kuombwa, mjibu mapema kwa upole kwamba unatembea mwenyewe, au mpatane bei kabla ya hatua ya kwanza. Magomvi mengi ya malipo huanzia pale ambapo hakuna aliyetaja bei.

Ili watoto wasichoke, wape zoezi. Wahesabu milango ya kuchonga kati ya ngome na Mandhry, wachague mmoja na kuuchora wakirudi nyumbani. Waulize kwa nini vichochoro ni vyembamba hivyo. Atakayejibu kwamba ni kwa ajili ya kivuli, na kwa ajili ya upepo kutoka baharini kupita kwa nguvu, amepata alama zote.

Katikati ya jiji hakuhitaji muda mrefu. Pembe za ndovu za Moi Avenue, ambazo wengi hushangaa kuambiwa si pembe wala si mbao bali ni bati la alumini, zilianza kusimamishwa 1952 kwa ziara ya Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza. Kando yake kuna bustani ya Uhuru yenye kivuli cha kupumzikia. Ukienda Barabara ya Nkrumah utaona Kanisa Kuu la Kianglikana lenye kuba kama la msikiti, ushahidi wa jinsi jiji hili lilivyomfundisha kila aliyekuja kujenga. Mtaa wa Biashara ni wa leso. Kusoma majina ya leso zilizotundikwa dukani ni burudani tosha, mradi usizikunjue zote kisha uondoke.

Mama Ngina na feri

Jioni ikikaribia, watu huelekea Mama Ngina, ambako mabuyu makubwa yamesimama juu ya mlango wa bandari. Ufuo ule ulikarabatiwa na ukatumika kwa sherehe za Mashujaa Dei Oktoba 2019. Kukaa ni bure. Mihogo ya kukaanga yenye pilipili na ndimu si bure, na hapa ndipo bajeti ya familia nyingi huvunjika, kwa hiyo panga mapema ni vikaratasi vingapi vitanunuliwa. Kinachofaa kutazamwa ni meli. Mlango wa Kilindini ni mwembamba, na meli kubwa haziingii bila rubani wa bandari anayepanda melini kuziongoza. Meli yenye makontena kama mtaa mzima wa nyumba hupita karibu kiasi cha mtoto kusoma jina lake na nchi iliyosajiliwa, iliyoandikwa nyuma. Nyumbani, tafuteni nchi hiyo kwenye ramani.

Usioge hapa. Chini ni miamba, na mkondo wa mlango ule huwashinda hata waogeleaji wazoefu.

Feri ya Likoni haimtozi mtembea kwa miguu, na kwa mtoto wa bara ambaye hajawahi kuwa juu ya maji ni safari kamili. Vuka, nunua machungwa Likoni, rudi. Epuka tu saa za watu kwenda na kutoka kazini. Subiri magari yatulie, mshike mtoto mkono, msisimame ukingoni, na msisukumane kuwahi kushuka. Kanuni hizi si za urasimu. Aprili 29, 1994 feri ya Mtongwe ilipinduka karibu kabisa na ufuo na watu 272 wakafa.

Bahari haifuati saa ya ukutani

Sasa tuje pwani yenyewe. Familia hupanga kwenda ufuo wa umma wa Jomo Kenyatta, ambao wengi huuita Pirates, wakafika saa nane mchana na kukuta maji yamejaa na watu wamebanana kwenye kipande cha mchanga. Au wanafika na kukuta bahari imeondoka, wakadhani siku imeharibika. Yote mawili yangejulikana tangu juzi yake kwa kutazama mwezi, na wavuvi hawajawahi kulipia maarifa hayo.

Maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kutoka kujaa hadi kupwa ni takriban saa sita. Siku mbili za mwezi ndizo za kushika: mwezi mwandamo na mwezi mpevu, tarehe 14 au 15 kwa anayehesabu mwezi wa Kiislamu. Siku hizo, na moja au mbili zinazofuata, ni za bamvua. Maji hujaa sana na kupwa sana. Hapa Mombasa, wakati wa bamvua, maji hupwa saa nne asubuhi hivi, kisha hujaa saa kumi jioni hivi. Haibadiliki kutoka mwezi mmoja hadi mwingine, kwa hiyo ukiikumbuka saa nne, umeshika msingi wa somo.

Kuanzia hapo, kila siku inayopita ongeza kama dakika 50. Mfano: siku tatu baada ya mwezi mpevu, mara tatu dakika 50 ni dakika 150, yaani saa mbili na nusu. Saa nne ukiongeza saa mbili na nusu ni saa sita na nusu. Basi maji yatapwa mchana. Baada ya juma moja hesabu itakufikisha saa kumi jioni, lakini wakati huo mwezi ni nusu na maji ni maji mafu: hayaendi mbali wala hayarudi kwa kishindo. Hesabu hii ni ya makadirio. Anayetaka dakika kamili atazame jedwali la maji linalochapishwa na Halmashauri ya Bandari.

Matumizi yake ni haya. Kama mnataka kutembea kwenye vidimbwi vya mwamba kuangalia kaa, viti vya pweza na samaki wadogo, chagua asubuhi ya bamvua, mfike maji yakiendelea kupwa na mgeuke kurudi mara tu yanapotulia. Usingoje yaanze kujaa. Maji ya kujaa hayaji kwa mstari ulionyooka. Hupita kwenye mabonde ya mchanga nyuma yako, na mtu aliye kwenye mwamba hujikuta kisiwani. Vaeni viatu, maana kuna viumbe wenye miiba mirefu myeusi. Angalieni, msichukue. Sehemu kubwa ya bahari kati ya Nyali na Shanzu iko ndani ya eneo la hifadhi lililotangazwa 1986, na konokono aliyebebwa nyumbani ndani ya mkoba atanuka siku mbili kisha atatupwa.

Kwa kuogelea na watoto, maji yanayojaa ni salama kuliko yanayopwa. Yanapopwa, hasa siku za bamvua, bahari yote iliyo ndani ya mwamba hutafuta njia ya kutokea, na hutokea kwa nguvu kwenye milango ya mwamba, ikibeba chochote kinachoelea. Mpira wa gari uliokodishwa si kifaa cha kuokolea. Huelea vizuri sana kuelekea kusikotakiwa. Kila msimu wa sikukuu huleta habari za mtoto aliyetoweka wazazi wakiwa hatua chache tu, kila mmoja akidhani mwenzake ndiye anayetazama. Familia iteue mtu mzima mmoja wa kutazama maji, asiyeshika simu, kisha apokewe na mwingine baada ya nusu saa. Ogeleeni mahali waokoaji wanapoweza kuwaona, na ikifika saa kumi jioni siku ya bamvua, jueni kwamba pale mtoto aliposimama saa tano sasa pamefunika kichwa cha baba yake.

Wakati wa kusi, kuanzia Aprili hivi, upepo hutupa mwani mwingi ufuoni na bahari huchafuka. Ufuo haujaharibika, ni msimu wake. Kaskazi ikirudi mwisho wa mwaka, maji hutulia.

Kiingilio hakipo, lakini gharama hujificha: picha ya papo hapo, ngamia, mpira wa kukodi, choo, maegesho. Chupa ya maji, viazi vya kuchemsha na mahamri kutoka nyumbani huokoa zaidi ya nusu ya matumizi. Beba pia mfuko wa kurudishia taka.

Nani mwenye mchanga?

Swali hili huulizwa sana na wakazi waliowahi kufukuzwa na mlinzi. Ibara ya 62 ya Katiba ya 2010 inasema ardhi yote iliyo kati ya alama ya maji kujaa na alama ya maji kupwa ni ardhi ya umma. Inashikiliwa na serikali ya kitaifa kwa niaba ya wananchi na kusimamiwa na Tume ya Kitaifa ya Ardhi. Kwa hiyo mkazi anayetembea au kukaa kwenye mchanga ambao maji huufikia hajavamia mali ya mtu, hata kama mbele yake kuna hoteli ya fahari. Viti, vivuli na bustani za hoteli ni za hoteli, na mlinzi ana haki ya kukuomba uondoke humo. Kuchanganya mambo haya mawili ndiko huleta ugomvi, na mara nyingine mwenye haki huondoka akidhani amekosa.

Kufika kwenye mchanga huo ndiko kwenye utata zaidi. Njia za umma za kushukia baharini zilitengwa kati ya ploti, nyingi zikiwa vichochoro tu kutoka barabara ya Malindi. Njia isiyopitwa na watu huota majani, kisha huwekewa mawe, kisha siku moja lango. Ukishuka baharini na watoto, tumia njia ile ya umma iliyo karibu nawe hata kama ya hoteli ni fupi. Ukikuta imezibwa, usigombane na mlinzi, kwani si yeye aliyeamua. Piga picha ukiwa nje, andika tarehe, jina la barabara na alama iliyo karibu, kisha upeleke taarifa kwa msimamizi wa wadi yako au kwa ofisi ya Tume ya Kitaifa ya Ardhi, na uombe nakala yako igongwe muhuri wa kupokewa.